Kimya cha Mdakaji

Ruben Salcido alishindwa kufungua chupa ya achari siku ya Jumatatu, na mchezo ulikuwa Jumamosi.

Walikuwa wawili tu jikoni, katika nyumba waliyopanga nyuma ya maghala ya mahindi, hapo Hadley, Nebraska. Emmett Kratochvil alikuwa anakaanga mayai. Alisikia kifuniko kikigoma, akasikia Ruben akihema kwa pua, kisha kimya. Alipogeuka alimkuta mwenzake ameibana chupa kwapani, anahangaika nayo kwa mkono wa kushoto.

"We bwana, chupa imekushinda?" Emmett akacheka. "Mrushaji anayetisha kanda nzima, leo anatolewa jasho na matango!"

"Fungua, uache maneno."

Emmett akaifungua mara moja. Kifuniko hakikuwa kimekaza hata kidogo, na hapo ndipo kicheko kilipomkauka.

"Kiwiko?"

Ruben alichomoa tango moja, akalila lote taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali. "Tangu ile safari ya Wichita."

"Wiki tatu hizo, kaka!"

"Kuhesabu najua."

"Kocha anajua?"

"Kocha hajui. Bi Noreen wa tiba hajui. Mke wangu Marisol hajui. Unajua wewe na hii chupa. Na ibaki hivyohivyo mpaka Jumamosi." Alimtazama Emmett, na macho yake hayakuwa ya utani. "Mchezo mmoja tu, Emmett. Niache nirushe mmoja. Jumapili nitakwenda kwa daktari kwa miguu yangu, wakitaka kunikata wanikate."

Mayai yaliungua siku ile. Waliyala hivyohivyo.

Lazima ieleweke walivyokuwa wale wawili. Katika besiboli mrushaji husimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu cha udongo, na mbele yake, nyuma ya mpigaji, huchuchumaa mdakaji, ngao kifuani na kizuizi cha chuma usoni. Mpira anaourusha mmoja huishia katika kiganja cha mwingine. Mdakaji ndiye huagiza mpira gani urushwe, kwa vidole, huku ameuficha mkono katikati ya mapaja. Kidole kimoja ni mpira wa kasi. Viwili ni mpira wa kukata, ule unaokuja umenyooka halafu mbele ya mpigaji ukachepuka kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Vinne ni ule wa polepole. Kwa miaka minne Emmett alikuwa akiagiza na Ruben akirusha, na katika miaka yote hiyo Ruben hakuwahi kutikisa kichwa kukataa. Wachezaji wenzao waliwaita mume na mke. Emmett aliujua mkono wa Ruben kwa kiganja chake mwenyewe, kama mama anavyojua homa ya mtoto kabla hajatafuta kipimajoto.

Kwa hiyo alijua. Hata kabla ya ile chupa, nadhani alikuwa amejua.

Msimu wenyewe ulianza vibaya. Mwezi wa pili uwanja wa chuo chao, Chuo cha Hadley, ulikuwa bado chini ya theluji, wakawa wanafanya mazoezi ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, mipira ikigonga mabati na kurudi kama kichaa. Walisafiri kwa basi hadi Arkansas na Oklahoma kutafuta nyasi, wakalala wanne chumba kimoja, wakafungwa michezo tisa kati ya kumi na moja ya kwanza. Odell, mlinzi wa kituo cha tatu kati ya vile vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili apate pointi, na mcheshi wa timu, alisema wangepata faida zaidi kama wangeuza basi wakafuga kuku. Kisha ikaja masika, upepo wa kusini ukaanza kupuliza, na Ruben akaanza kurusha mpira kama mtu anayechomeka ufunguo kwenye kufuli. Walishinda kumi na nne kati ya kumi na sita. Chuo kile kidogo, ambacho kwa miaka thelathini na moja hakikuwahi kufika fainali ya ubingwa wa kanda, sasa kilikuwa na mabango mpaka kwenye duka la matairi.

Na siku ya Jumamosi angekuja mtafuta vipaji wa timu ya kulipwa. Alikuwa amempigia kocha simu mwenyewe. Ruben alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho wa masomo, na huko magharibi ya jimbo, Scottsbluff, mwendo wa saa sita kwa gari, alikuwa na mke anayeishi kwa mama mkwe na binti wa miezi mitano, Ofelia. Nafasi nyingine asingeipata.

"Sikiliza," Emmett alisema baada ya kuosha vyombo. "Nitanyamaza. Lakini duru tano tu kati ya tisa. Baada ya duru ya tano namwambia kocha umechoka, aingize mwingine. Na mpira wa kukata hatuutumii kabisa, ndio unaokumaliza."

"Duru tano," Ruben alikubali.

"Nipe mkono."

Ruben akampa wa kushoto.

*

Mashindano yalikuwa ya vyuo sita na siku nne, katika mji wa Cedar Ford. Ukifungwa mara mbili unafungasha virago. Hadley walishinda Alhamisi, wakafungwa Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi haikuwa na mjadala: washinde wacheze fainali Jumapili, au warudi nyumbani kusubiri mahafali.

Asubuhi wazazi walikuwa wamekwisha kupanga meza zao kwenye maegesho, masufuria ya chili, mchuzi mzito wa maharage na nyama, yakitoa mvuke na trei za mikate ya mdalasini zikiwa zimefunikwa kwa foili. Baba yake Emmett alikuwepo na kofia ya kampuni ya mbegu, akiangalia mbingu na kusema mvua ingefaa kunyesha kwao, si hapa. Jumatatu Emmett angerudi kwa baba yule na kupanda trekta, soya zilikuwa hazijamalizika kupandwa. Asingecheza tena. Hilo alilijua wazi, na hakulalamika, ila alikuwa amelibeba.

Alipokuwa anapita kwenye uzio aliitwa.

"Shemeji! Shemeji Emmett!"

Alikuwa Marisol, mke wa Ruben, amemfunga mtoto kifuani kwa blanketi kwa sababu ya upepo, na mkononi ameshika mfuko wa tamale za mama mkwe wake, unga wa mahindi wenye nyama uliofungwa kwa maganda ya mahindi. Akampenyezea mbili juu ya uzio. "Kula, umekonda. Hao wanawake na michuzi yao ya maharage hawajui kulisha watu."

"Asante, shemeji. Safari?"

"Safari ni kulia tu, tangu North Platte mpaka hapa. Huyu, si mimi." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Emmett, niambie ukweli. Mara mbili zote tulizoongea wiki hii alinijibu kama mtu anayesoma tangazo. Nikimuuliza mkono ananiuliza mtoto amekula nini. Yeye hasemi, unamjua. Mkono wake uko sawa?"

Ofelia alikuwa anamtazama kwa macho meusi makubwa, mdomoni ametia ncha ya blanketi. Emmett aliangalia mtoto, akaona ni rahisi zaidi kuliko kumwangalia mama.

"Uko sawa, shemeji. Ni wasiwasi tu. Yule bwana wa timu kubwa amekuja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi." Marisol akashusha pumzi, mabega yake yakalegea. "Nimeshapata jibu. Wewe ukisema, mimi nalala usingizi."

Akaondoka kutafuta kiti kilichokingwa upepo. Emmett alibaki na tamale mbili za moto, moja kila mkono, na hakuzila.

*

Duru ya kwanza Ruben aliwatoa wapigaji watatu, idadi inayomaliza zamu ya timu, kwa mipira tisa. Ya pili, vilevile, na Odell akapiga mpira ukavuka uzio wa kushoto, Hadley wakawa na pointi moja. Ya tatu. Ya nne. Emmett aliagiza kidole kimoja, akaagiza vinne, akaagiza kimoja. Ruben alirusha kwa akili nyingi, juu, chini, ndani, nje, na wapigaji wa Bellamy, chuo pinzani, walipunga magongo yao kama watu wanaofukuza nyuki. Hata mmoja hakupiga mpira ukamfikisha kituoni.

Mwisho wa duru ya tano ubao ulikuwa umeandika hivyo, sifuri kubwa yenye taa nyekundu upande wa mipira iliyopigwa.

Sasa, wachezaji wa besiboli wana mwiko mmoja. Mrushaji anapokuwa hajapigwa, na mchezo umekwisha kuvuka katikati, haongeleshwi. Hatajiwi jambo lile, wala haongeleshwi chochote, hakaliwi karibu, hatazamwi. Wanasema ukifungua mdomo umemvunjia bahati. Wanaume wazima waliosoma fizikia watakaa upande mmoja wa benchi wamebanana kama mihogo gunia moja, na upande wa pili atakaa yule mtu peke yake, taulo begani, kama mgonjwa wa ndui.

Ruben alikwenda akakaa mwisho wa benchi. Wenzake wakasogea upande wa pili bila kuambiwa.

Emmett alivua kizuizi cha uso. Duru tano zilikuwa zimekwisha. Alitembea mpaka alipokuwa Kocha Lindgren, amesimama kwenye ngazi na mikono mfukoni.

"Kocha."

Kocha aliinua kiganja bila kugeuka. "Kaa mbali naye. Usimsemeshe. Hata maji usimpelekee."

"Sitamsemesha. Nilitaka kusema jambo—"

"Jambo gani?"

Na sasa kocha akageuka. Alikuwa mzee mtulivu, mwenye nyusi nyeupe, mtu ambaye angesikiliza. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua Emmett baadaye kuliko yote: angesikiliza. Nyuma ya mabega ya kocha taa ile nyekundu iliwaka, na nyuma ya taa kulikuwa na watu, na miongoni mwa watu baba yake alikuwa amesimama, yeye ambaye huwa hasimami, na kofia yake mkononi.

"Nilitaka kujua nani anaanza kupiga upande wao."

"Karatasi hiyo hapo ukutani, Kratochvil."

"Ndiyo, kocha."

Akarudi kukaa na wenzake. Bi Noreen, tabibu wa viungo wa timu, alikuwa anapita na mfuko wa barafu kuelekea kwa Ruben, ndiyo kazi yake, hufanya hivyo kila mchezo. Odell alimrukia. "Bi Noreen, mama yangu mzazi, nakupigia magoti, leo usimsogelee! Barafu nipe mimi, nitaila!" Watu wakacheka kwa kubana midomo. Bi Noreen akatikisa kichwa, akarudi na barafu yake. Emmett naye alicheka. Alijisikia mwepesi kabisa, kama mtoto aliyeambiwa mwalimu hayupo leo. Mwiko umekataza kusema. Yeye afanyeje?

Duru ya sita mpira ulibadilika. Hakuna aliyekuwa uwanjani angeweza kuona, maana ulikuja vilevile na wapigaji wakakosa vilevile. Ila Emmett alizoea mpira unaoingia kwenye glovu kwa kishindo kimoja kikavu na kumwachia ganzi kwenye mfupa wa kidole cha shahada. Sasa kishindo kilikuwa kizito na kimelowa. Ganzi haikuja. Duru ya saba Ruben alianza kujifuta paji la uso kwa mkono wa kushoto.

Wachezaji wa Bellamy nao hawakulala. Mwiko huu ni wa mwenye kurusha na watu wake tu. Wapinzani wana ruhusa ya kupiga kelele watakavyo.

"Oya mdakaji! Mwambie rafiki yako hajapigwa bado! Mwambie!"

"Ana ububu huyo!"

"Salcido! Hujapigwa, kaka! Umesikia? Tunakujulisha tu!"

Mwamuzi alijikohoza nyuma ya kizuizi chake. Emmett aliutema utando wa vumbi, akaagiza kidole kimoja.

Duru ya nane, baada ya kuwatoa wawili, mambo yakabana. Mpira wa kasi ulikuwa hauna kasi, Ruben akawa anakwepa kuurusha katikati, na wapigaji wawili wakapewa vituo bure kwa mipira mibaya minne minne. Hiyo haivunji ile sifuri, lakini walikuwa wawili wamesimama vituoni, na pointi moja tu ya kulinda, na aliyekuja kupiga alikuwa mtu wao mkubwa, mwenye mkono kama paja.

Mpira wa kasi angeuvusha uzio, na wa polepole alikwisha kuupigia nje kidogo tu mara mbili katika duru za mwanzo. Emmett alichuchumaa, akaona kilichobaki ni kimoja.

Akashusha vidole viwili.

Kule juu ya kichuguu Ruben aliviangalia. Kisha akatikisa kichwa.

Miaka minne hakuwahi. Emmett alibaki amechuchumaa, upepo unapuliza mchanga kwenye viatu vyake, na kwa muda kidogo, muda wa kuvuta pumzi mbili, angeweza kufanya jambo lolote. Angeweza kusimama, kuomba mwamuzi asimamishe mchezo, kwenda mpaka pale kichuguuni na kusema, "Inatosha, ndugu yangu, tushuke." Mwiko usingemwua mtu. Badala yake alivikunja vile vidole viwili, akavishusha tena. Vilevile viwili.

Ruben akarusha. Mpira ukachepuka vizuri kuliko alivyowahi kuuona, na mtu mkubwa akaukata upepo. Emmett akauagiza tena, na tena, na alipokosa mara ya tatu yule mtu akawa ametolewa. Watu wakapiga kelele mpaka mabati ya banda yakatetemeka. Ruben alishuka kichuguuni akitembea polepole, mkono wa kulia ameuweka tumboni kama anayebeba yai, akapita mbele ya wenzake wote, na wote wakatazama chini, kwa heshima.

Duru ya tisa aliwatoa wawili. Akabaki mmoja. Mipira ya kasi miwili mibaya, mmoja mzuri, wa polepole mmoja mzuri. Vidole viwili. Safari hii Ruben hakutikisa kichwa. Aliitikia, kwa upole, kama mtu anayemwitikia mgeni.

Emmett alisikia sauti, kama ya kitu kinachokatika. Wengine walimwambia baadaye kwamba mtu hawezi kusikia kitu kama hicho kwa futi sitini, katikati ya makelele. Yeye alisikia. Mpira ulikuja ukiyumba, ukazama, mpigaji akapunga gongo hewani, na mpira ukaingia kwenye glovu kwa ulegevu, kama tunda.

Mchezo ukawa umekwisha. Hakuna aliyepiga.

Desturi inamtaka mdakaji akimbie wa kwanza na kumrukia mrushaji kifuani, na wengine wote wawaangukie juu. Emmett alikuwa amekwisha kukimbia nusu ya njia, kizuizi cha uso ameshakitupa, ndipo akauona uso wa Ruben. Ulikuwa mweupe kama unga. Mdomo ulikuwa wazi. Mkono wa kulia ulining'inia kama wa nguo iliyoanikwa.

Emmett aligeuka na kunyoosha mikono yake miwili, akawaelekea wenzake zaidi ya ishirini waliokuwa wanakuja mbio.

"Acheni! Mkono wake! Acheni, jamani, mkono!"

Walidhani anashangilia. Odell alimkumbatia kiunoni akamwinua juu, anacheka na kulia, na wengine wakapita pembeni yake kama maji yanavyopita jiwe. Ilichukua muda, si mrefu, kabla mtu wa chini kabisa hajasikika analia kwa sababu nyingine.

*

Jumapili walicheza fainali bila Ruben, wakafungwa tisa kwa mbili. Emmett alidaka duru zote tisa. Hakuna aliyemlaumu kwa lolote, na Kocha Lindgren, akimpa mkono wa kwaheri, alimwambia hakuwahi kuona mdakaji akiongoza mchezo vizuri kama ule wa Jumamosi. Emmett alitamani ardhi ipasuke immeze.

Huko Lincoln, hospitalini, walisema kano ya kiwiko imekatika yote. Wangeitengeneza upya kwa kano nyingine ambayo wangeitoa kwenye kifundo cha mkono wake. Mwaka mmoja na zaidi, halafu wataona. Mtafuta vipaji alimwachia kocha salamu nzuri na hakupiga simu tena.

Emmett alipanda soya. Alipalilia, akakarabati mashine ya kumwagilia, akamwandikia Ruben ujumbe kila baada ya siku chache: pole, unaendeleaje, mtoto hajambo? Ruben alijibu kwa maneno mawili matatu. Lile neno lenyewe halikuandikika. Mwezi wa saba, ngano ya jirani ilipokuwa imeshavunwa, alimwambia baba yake anahitaji gari siku mbili.

"Unakwenda wapi?"

"Scottsbluff."

"Umechelewa," mzee akasema, akamtupia ufunguo. Sijui alikuwa amejua nini, yule mzee. Hakuuliza zaidi.

Nyumba ya Salcido ilikuwa ndogo, ya mbao, karibu na kiwanda cha sukari. Marisol ndiye aliyefungua mlango wa wavu.

"Shemeji! Umekuja bila hata kusema! Ingia, ingia. Ruben yuko nyuma, kivulini."

"Shemeji, ngoja kwanza. Wewe ndiye nataka nianze nawe."

Uso wa Marisol ulimpa nafasi. Akasema yote hapohapo mlangoni, amesimama, kofia mkononi: chupa, Wichita, duru tano, kocha alipogeuka, vidole viwili, kichwa kilichotikiswa, vidole viwili tena. Hakuusingizia mwiko. Alikuwa amejiahidi njiani, saa sita nzima, kwamba hatautaja.

Marisol hakulia wala hakupaza sauti. Alisimama ameushika mlango wa wavu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na watu wengi wa kuuliza pale. Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite hivyo sasa hivi." Akatazama barabarani, lori la makaa likapita, akasubiri limalize kelele. "Yeye namjua. Angejikata mguu mwenyewe ili arushe siku ile, na mimi nilijua, ndio maana niliuliza. Kama ungenijibu ukweli ningeingia uwanjani na huyu mtoto kifuani, wangenitoa polisi." Akamgeukia tena. "Nililala usingizi usiku ule wa Ijumaa? Sikulala. Nikaja kwako. Na ukaniambia nikalale."

Emmett aliitikia kwa kichwa.

"Nenda nyuma," Marisol akasema hatimaye. "Mwambie na yeye. Usimpunguzie."

Ruben alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha ukuta, mkono wa kulia umefungwa katika chuma chenye bawaba na mikanda. Mbele yake, juu ya mkeka wa sponji, Ofelia alikuwa ameketi peke yake, ameshakuwa mkubwa, anapiga sufuria kwa mwiko wa mbao.

"Tazama nani kaja," Ruben akasema. "Mkulima."

"Naomba unisikilize tu."

Alisikiliza. Hakumkatiza hata mara moja. Emmett alipofika pale pa kichwa kutikiswa, Ruben aliangalia mikanda ya mkono wake.

"Nilidhani hukuniona," alisema. "Miezi hii yote nimejiambia hivyo, jua lilikuwa machoni mwake, hakuona."

"Niliona."

"Uliona, ukarudia."

"Niliona, nikarudia."

Ruben alikaa kimya kwa muda mrefu. Kimya kile cha benchi kilikuwa cha uwongo, na hiki hakikuwa hivyo, na Emmett alikivumilia chote bila kuondoka.

"Na mimi nilikuwa na miguu," Ruben akasema mwishowe. "Ningeshuka kichuguuni. Hakuna aliyenifunga pale. Nilikuwa nautaka, we, nilikuwa nautaka mpaka nasikia njaa." Akapumua. "Lakini bado nina hasira na wewe. Nakwambia kabisa. Si kidogo."

"Sawa."

"Pengine itakuwepo hata nikirusha tena."

"Utarusha?"

"Daktari anasema tutaona. Mwezi wa tisa nitafundisha hesabu darasa la saba, hapo shule ya mtaa. Huko sihitaji kiwiko." Alijaribu kutabasamu, likamshinda.

Ofelia alitupa mwiko. Alimtazama baba yake, akanyanyua mikono yote miwili juu, vidole vikifunguka na kufumba, akatoa kile kilio kifupi cha watoto kinachosema nibebe. Ruben akainama, mkono wa kushoto ukamzunguka, lakini mtoto wa miezi saba hajui kusaidia, alipinda mgongo na kuteleza, na mkono mmoja haukutosha. Akajaribu mara ya pili. Ofelia akaanza kulia hasa.

Emmett alibaki amesimama. Hakuthubutu.

"Mwinue basi," Ruben akasema bila kumwangalia. "Unangoja nini?"

Akamwinua. Alikuwa mzito na wa moto, ananuka maziwa, na alishangaa uso mgeni mpaka akasahau kulia. Emmett alipiga goti kando ya kiti na kumweka kwenye mkono wa kushoto wa baba yake, akamshikilia mgongo kwa kiganja mpaka Ruben akapata kumkaza vizuri.

"Umempata?"

"Bado. Usiachie."

Hakuachia. Walikaa hivyo, mmoja kitini na mwingine amepiga goti kwenye changarawe, mtoto katikati yao akivuta kola ya mmoja kisha ya mwingine. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Marisol akatokea na sahani, akasimama pale akiwatazama. Sahani zilikuwa tatu.